Nusu Dawa, Nusu Maji

Sofia, 4 Machi 1967

Dada Ganka,

Wameniruhusu. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikaamka kufungua dirisha, nikarudi. Tangu baba alipotufia mikononi, damu ikimtoka puani na kwenye fizi, na sisi wawili hatujui hata jina la kilichomuua, sijangoja kitu kingine. Ulikuwa ukinicheka kwamba nimekimbia kondoo nikaenda kuolewa na kupe wao. Basi mume wangu huyo amezaa. Chanjo ya homa ya kupe ipo, nimeitengeneza mimi kwa ubongo wa panya, chini ya Profesa Velchinov.

Mwezi Aprili, kabla kupe hawajachangamka, tutachanja vijiji vitatu. Nimeomba Dolno Yasenovo kiwe cha kwanza.

Nauhitaji mdomo wako, Dada. Mimi wakiniona na koti jeupe watafunga mageti. Wewe wanakusikiliza. Waambie ni mkono wa binti wa marehemu Mitre.

Msalimie shemeji Stamat. Binti yenu Neda anaendeleaje chuoni?

Mdogo wako,
Radka


Dolno Yasenovo, 13 Machi 1967

Msomi wetu,

Mdomo wangu umeshaanza kazi. Bibi Tsona anatangaza kisimani kwamba mnakuja kuwachoma wanaume sindano ili wasizae. Nikamwambia, Bibi, mume wako ana miaka sabini na minane, ulitegemea azae nini, jiwe? Wakacheka, na anayecheka ameshakubali nusu.

Stamat anasema atakuwa wa kwanza kwenye mstari, mradi sindano asiishike wewe. Hajasahau ulivyomkata sikio ulipomnyoa ndevu asubuhi ya harusi yetu. Anasema msichana asiyeweza kushika wembe hawezi kushika sindano. Lakini akilewa anakusifu kwa kila mtu, "shemeji yangu atafuta homa duniani." Nakwambia ili ujue, yeye hatakwambia.

Neda yuko salama, atakuwa mwalimu mwakani, Mungu akipenda na chama kikipenda.

Sasa jambo moja. Mwalimu mkuu amesikia wilayani kwamba nusu ya watu mtawapiga maji. Nilimwambia aache upuuzi. Ni upuuzi?

Ganka


Sofia, 20 Machi 1967

Dada,

Si upuuzi. Nusu watapata dawa, nusu maji yenye chumvi kidogo, yasiyodhuru. Vichupa vina namba tu, anayechoma hajui na anayechomwa hajui. Tusipofanya hivyo, mtu akimaliza kiangazi mzima nitajuaje kama ni dawa iliyomlinda au ni kupe tu hawakumkuta?

Usiwaambie. Wakijua, kila mtu atataka kujua yake, na kazi yote itakuwa bure.

Radka


Dolno Yasenovo, 25 Machi 1967

Radka,

Sitawaambia. Nitasimama mlangoni pa nyumba ya utamaduni mtakapochanjia na kuwaingiza mmoja mmoja, majirani walionizikia baba, na nitawatazama usoni.

Ila Stamat apewe dawa. Mimi usinihesabu, kupe wameninyonya tangu utotoni na nipo. Neda yuko mjini. Ni Stamat tu, anayelala na kondoo kule juu mlimani kuanzia Aprili hadi theluji. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote.

Ganka


Sofia, 1 Aprili 1967

Dada Ganka,

Usiniombe hilo tena. Nikianza kuchagua ndugu zangu, mimi ni mwizi, si mwanasayansi. Shemeji atapata namba yake kama wengine.

Tutafika tarehe kumi. Tupikie banitsa ya jibini, vijana wa timu hawajala chakula cha nyumbani tangu Krismasi.

Radka


Dolno Yasenovo, 2 Mei 1967

Radka,

Stamat tumemzika jana. Hukuja. Telegramu tulituma Jumamosi.

Alianza na baridi na kichwa, tukadhani ni mafua ya kulala nje. Kisha mgongo. Kisha akaamka na mto wa kulalia mwekundu. Unajua yaliyofuata, uliyaona kwa baba, sina haja ya kukueleza. Mwishoni aliniuliza, "Ganka, si nilichanjwa?" Nikamwambia ulichanjwa, tulia.

Nataka unijibu neno moja. Ilikuwa dawa au maji?

Ganka


Sofia, 6 Mei 1967

Kwa Profesa Zahari Velchinov, Moskva

Mheshimiwa Profesa,

Nakuandikia huko mkutanoni kwa sababu siwezi kungoja urudi. Panya tuliowachoma kwa dawa ya toleo la saba wameanza kufa. Niliwapasua mwenyewe. Virusi havikuuawa vyote, formalini ya kuviua haikutosha au haikupewa muda. Toleo la saba ndilo lililokwenda Dolno Yasenovo.

Mtu mmoja amekwisha kufa kule. Ni Stamat Iliev, mume wa dada yangu. Niliifungua orodha ya siri: kwa mujibu wa namba alipaswa kupata maji. Nilibadilisha kichupa chake kwa mkono wangu nikampa dawa. Nilitaka apone, Profesa. Kati ya watu wote wa kijiji, huyo ndiye niliyetaka apone.

Nadhani lazima tutangaze. Wengine waliopata toleo la saba wawekwe chini ya uangalizi, na dada yangu aambiwe. Naomba maelekezo.

R. Mitreva


Moskva, 12 Mei 1967

Ndugu Mitreva,

Barua yako nimeisoma mara mbili na kuichoma. Fanya hivyo hivyo kwa hii.

Wengine kijijini, naarifiwa, ni wazima na wanakula. Kwa hiyo tuna maiti mmoja, mchungaji, katika wilaya ambayo kila mwaka inazika wachungaji. Kupe wamejaa kwenye kila kichaka. Nani atathibitisha kwamba aliyemuua ni sisi na si kupe? Ni wewe peke yako, na ili uthibitishe itabidi kwanza useme ulivuruga jaribio la serikali kwa ajili ya shemeji yako.

Nilisimama hapa juzi mbele ya wajumbe wa nchi kumi na nne nikasoma matokeo yetu ya awali. Walipiga makofi. Tukitangaza leo, chanjo hii itazikwa na hakuna atakayethubutu kuifufua kwa miaka ishirini. Hesabu mwenyewe wachungaji watakaokufa katika miaka hiyo, kisha uniambie ni nani mwenye huruma kati yetu.

Toleo la nane litakuwa zuri. La saba limwage. Na dada yako mwambie kile namba zinachosema: alipata maji.

Kura ya uprofesa wako ni Septemba. Nimeweka jina lako la kwanza.

Z. Velchinov


Sofia, 18 Mei 1967

Dada yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ilibidi orodha ifunguliwe rasmi.

Shemeji alipata maji. Ni namba tu, Dada, hakuna aliyechagua. Moyo wangu umekatika.

Radka


Dolno Yasenovo, 24 Mei 1967

Radka,

Maji.

Ulikaa kwenye meza yangu, ukala banitsa yangu, ukamwona akikunja shati na kukutania kuhusu sikio lake, na ukamwacha apigwe maji. Kichupa kimoja! Mama yetu alikuwa akiiba mayai ya ushirika akiyaficha kifuani ili wewe usome na tumbo limejaa, na wewe hukuweza kuiba kichupa kimoja kwa ajili ya mume wangu. Uliogopa nini? Namba zikusute? Mwanamke yeyote mwenye damu mwilini angebadilisha kile kichupa. Mjinga yeyote angebadilisha. Wewe una moyo wa duka la dawa: kila kitu kimepangwa kwenye rafu na kila kitu kina baridi.

Watu hawanisalimii. Kila aliyepita mlango ule nilimpitisha mimi.

Neda ameacha chuo. Amerudi kushika kundi la baba yake, nimekataa, hasikii, amerithi kichwa cha kwetu. Yuko kule juu kwenye majani yale yale. Sasa sikuombi, nakuambia: utaniletea dawa ya kweli ya Neda. Dereva wa basi la Ijumaa ni Kolyo, mpwa wa Tsona, mpe mkononi. Usipoleta, sina mdogo.

Ganka


Sofia, 1 Juni 1967

Kwa Profesa Velchinov, mapumzikoni Hisarya

Mheshimiwa Profesa,

Nimefanya jambo na sijui niliite nini.

Dada yangu alidai dawa kwa binti yake. Toleo la saba siwezi kumpa hata panya. La nane haliko tayari kabla ya vuli. Nikimwambia hakuna, atauliza kwa nini hakuna wakati magazeti yanasema ipo, na Ganka akiuliza haachi. Nimempelekea vichupa viwili vya maji ya chumvi, kimoja cha sasa na kimoja cha baadaye. Angalau hayatamuua.

Sijalala vizuri. Naomba ruhusa niende kijijini.

R. Mitreva


Hisarya, 5 Juni 1967

Ndugu Mitreva,

Uliita jambo lako kwa jina gumu bila sababu. Umemtuliza mjane. Madaktari wamefanya hivyo tangu enzi.

Ruhusa sitoi. Ukifika pale utalia, na ukilia utasema. Maliza makala yetu.

Maji ya hapa yananisaidia sana figo.

Z. V.


Dolno Yasenovo, 15 Juni 1967

Radka,

Kolyo ameleta. Muuguzi wa zahanati amemchoma Neda mkono wa kushoto. Kichupa cha pili nimekiweka pangoni tunapohifadhi jibini, pana baridi kuliko friji ya mwenyekiti.

Sijakusamehe ya Stamat. Lakini jana nimelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na hilo ni lako, nalisema. Neda anakuandikia hapa chini.

Ganka

Mama mdogo! Mkono hata haukuvimba, nilijiandaa kulia bure. Sasa mimi ndiye bingwa wa malisho. Wanaume wananiletea kondoo zao niwatoe kupe kwa sababu mimi tu ndiye niliyechanjwa dawa ya kweli, nawang'oa kwa vidole na kuwapasua kati ya mawe mawili, puu! Babu Gyoko hawezi kutazama. Namwambia mama mdogo wangu ameniwekea askari ndani ya damu. Njoo wakati wa kukata manyoya, nitakuchinjia kondoo.
Neda wako


Sofia, 22 Juni 1967

Dada Ganka, soma hii mara moja na umsomee Neda.

Asiwashike kupe kwa mikono. Asiwapasue kabisa, damu yao ndiyo sumu yenyewe. Avae buti, aingize suruali kwenye soksi, ajikague mwili mzima kila jioni. Usiniulize sababu. Chanjo yoyote inahitaji muda, na watu si sawa. Kama inawezekana mrudishe chuoni hata kesho. Nitaongea na mkuu wa chuo mwenyewe.

Nakuomba, Dada. Nakuomba.

Radka


Dolno Yasenovo, 30 Juni 1967

Radka,

Nimemsomea. Tumecheka, basi tumecheka mpaka mbwa akaanza kubweka. Neda kasema, "Mama mdogo anaogopa dawa yake mwenyewe! Mpishi gani haonji supu?"

Nakuelewa, mdogo wangu. Ya Stamat yamekutia woga. Nilikuandikia maneno makali na pengine nilipita kiasi. Lakini tulia sasa. Mtoto yuko salama, umemlinda. Kwa hili hata Stamat angekunyooshea mkono.

Njoo tukate manyoya pamoja.

Dada yako,
Ganka


Sofia, 11 Julai 1967

Ndugu Mitreva,

Niko ofisini, ghorofa moja juu yako, lakini jambo kama hili linastahili karatasi. Wajumbe wameharakisha kura, haikungoja Septemba. Hakuna aliyepinga. Kuanzia leo wewe ni profesa, mwanamke wa kwanza katika idara yetu.

Yale uliyoniandalia jana, ile "taarifa kwa wizara", nimeyakuta mezani kwangu. Nadhani yaliwekwa kwa makosa, kwa hiyo nimeyaweka kando mpaka jioni. Ukiyataka, panda uyachukue na uyapeleke mwenyewe, sikuzuii. Usipopanda, nitajua yalikuwa makosa kweli.

Hongera kwa moyo wote.

Z. Velchinov


Hospitali ya wilaya, 29 Julai 1967

Kwa Profesa R. Mitreva

Daktari mwenzangu,

Mimi ni Asen Penev, mpasuaji. Naandika kitandani, mwandiko usikushangaze.

Juzi Jumatano waliniletea mpwa wako, Neda Stamatova, ana homa, anatapika, tumbo gumu kama ubao. Nilifikiria homa ya kupe mara moja. Mama yake akaapa kwa msalaba kwamba haiwezekani, umemchanja wewe mwenyewe, dawa ya kweli. Muuguzi wa zahanati akathibitisha. Nikaiondoa homa ya kupe kichwani. Nikasema ni kidole tumbo kimepasuka. Nikamfungua.

Hakikuwa kidole tumbo. Damu ilitoka kila nilipogusa na haikuganda. Muuguzi wangu Yordanka alikuwa akiikausha kwa taulo. Binti alikufa mezani.

Sasa nina baridi na mgongo unaniuma, na Yordanka pia ana homa tangu asubuhi. Naomba unijibu kwa telegramu swali moja tu: chanjo yako inaweza kushindwa? Nikijua ni homa ya kupe, nitawaomba waliopona mwaka jana watupe damu. Nikikosea tena nitapoteza muda.

A. Penev


TELEGRAMU. Sofia, 2 Agosti 1967

DAKTARI PENEV. CHANJO YOYOTE HUWA NA WACHACHE AMBAO HAIWASHIKI. TIBU KAMA HOMA YA KUPE. POLE. PROFESA MITREVA


Dolno Yasenovo, 14 Septemba 1967

Radka,

Kwenye mazishi ya Neda ulikuja. Nilikushika mkono mbele ya kaburi na watu wote walituona. Bibi Tsona alitaka kukutemea mate, nikasimama katikati. Niliwaambia, huyu amejaribu, dawa haikumshika mtoto, ni kazi ya Mungu. Wewe ulikuwa umeinamisha uso na ukasema, "Ndiyo, Dada, ni kazi ya Mungu." Ukala ngano ya maiti, ile inayogawiwa makaburini, kwenye kiganja changu.

Daktari Penev amepona. Yordanka amekufa, telegramu yako ilimkuta kwenye jeneza. Wiki iliyopita daktari alikuja hapa anatembelea fimbo, amekaa jikoni kwangu, anauliza na kuuliza. Ndipo nikakumbuka kile kichupa cha pili, bado kipo pangoni. Nikampa. Alimpelekea rafiki yake mjini Plovdiv mwenye vyombo vya kupimia.

Jana amenijibu. Chumvi na maji.

Nimejaribu kuwaza ulikuwaje siku ile. Ulisimama wapi, ulichota bombani au mlikuwa nayo tayari kwenye chupa. Ulimpa Kolyo mkononi ukamwambia "angalia usivunje"? Yeye anasema ulimwambia.

Mume wangu ulimpa maji kwa sababu ya namba zako. Hiyo nilikuwa nimeanza kuimeza. Mtoto wangu ulimpa maji kwa sababu gani? Wote wawili, Radka. Wote wawili maji.

Nijibu.

Ganka


Sofia, 20 Septemba 1967

Dada,

Kuna mambo huyajui kuhusu shemeji Stamat, na ukiyajua hayatakupunguzia chochote. Siwezi kuyaandika. Amini tu kwamba nilimpenda.

Toleo la nane limefaulu. Mwakani hakuna mchungaji atakayekufa Dolno Yasenovo. Siku moja utaona kwamba hawakufa bure.

Radka


Dolno Yasenovo, 12 Oktoba 1967

Radka,

Nimerudi jana kutoka Sofia. Hukujua nilikuja.

Daktari Penev alitaka kuandika wizarani. Nikamkataza. Wangekuhamisha ofisi, wangekupa mwaka mmoja wa kukaa kimya, na mwisho mngeelewana wenyewe kwa wenyewe. Nilikwenda kwa mchapaji wa wilaya nikatengeneza tangazo la msiba kama kila mtu anavyofanya, lenye picha zao mbili, Stamat na kofia yake, Neda na msuko. Hakuna sheria inayomkataza mjane kubandika tangazo. Hakuna tusi ndani yake. Nilimwambia aandike:

"Miezi imepita bila Stamat Iliev na binti yake Neda. Wote wawili walichanjwa na Profesa Radka Mitreva, mdogo wa mke, mama mdogo wa binti. Mwenye majonzi: Ganka."

Ni hayo tu. Kila mtu anajua Stamat na Neda walikufa kwa nini, na asiyejua atauliza.

Uji wa unga wa kubandikia niliukoroga mwenyewe, mzito. Nilibandika kwenye geti la taasisi yenu, kwenye nguzo ya taa, kwenye mlango wa jengo unaloishi, na kwenye duka la mikate unaponunua asubuhi. Watu walisimama wakasoma. Mlinzi wa geti alivua kofia.

Mimi nilikuwa kituo cha tramu ng'ambo ya barabara, na kitambaa cheusi kichwani, vizee kama mimi wako wengi, hakuna anayetutazama. Ulifika getini umevaa koti zuri la kijivu. Ukasoma. Ukasoma tena. Ukatazama kulia na kushoto, ukatoa ufunguo kwenye pochi, ukaanza kukwangua uso wa Neda.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na kikapu akakukaripia. "Wewe mama, huna aibu? Unambandua maiti? Ni ndugu zako hao?"

Nilikuwa karibu, tramu ilikuwa haijafika, nilisikia vizuri. Ulisema, "Hapana. Siwajui."

Nilikuwa nimekuja na sentensi yangu tayari, nikuite kwa jina, nikuseme mbele ya mlinzi na mbele ya wote. Ikanipotea mdomoni. Nikapanda tramu.

Kwetu tangazo hubandikwa tena baada ya miezi sita, kisha mwaka, kisha kila mwaka mpaka mwenye kufiwa naye afe. Mchapaji amenipa rundo zima, na mimi nina afya, nimekwambia, kupe hawaniwezi. Nitakuwa nakuja. Usihangaike kuhama nyumba, nitauliza watu, profesa kama wewe hafichiki.

Usiniandikie tena. Hunijui.

Ganka Ilieva